Kiputo cha nyuzi −38

Kiputo kimebaki kidogo kama nukta ya kalamu. Kinatetemeka, kinakimbia kutoka pembe moja ya tundu hadi nyingine, na tundu lenyewe lina upana wa mikroni 9 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipimajoto kinasoma −39.0. Joto linapandishwa taratibu, nusu nyuzi kwa dakika. −38.6. −38.3. Sasa ni kivuli zaidi kuliko kiputo. −38.0.

Kimetoweka.

Kwatzi, fuwele yenye tundu hilo, ni ile ile na tundu ni lile lile. Kilichobadilika ni hewa ukaa iliyomo: ilikuwa kimiminika chenye kiputo cha gesi, na sasa ni kimiminika kitupu kilichojaza kifuko chote, yaani tundu lililoinasa mwamba ulipokuwa kina kirefu. Kwenye jedwali la hewa ukaa safi, nyuzi −38 maana yake ni densiti ya gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni gesi iliyoshindiliwa hadi ikawa nzito kuliko maji ya bomba. Ili ikae na densiti hiyo ndani ya mwamba wenye nyuzi 800, inahitaji mgandamizo wa kilobari 7 hivi. Kilobari 7 ni kilomita 25 au 26 za mwamba juu yako.

Hadi hapo kazi inapendeza: unasoma kina cha ganda la dunia ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho. Shida inaanza ukiyauliza madini. Granulaiti za upande wetu (miamba iliyopikwa kwa joto kali ndani ya ganda la dunia), zile za Pare, Usambara na Uluguru, zimepimwa kwa kemia ya ganeti, piroksini na plajioklesi, na kazi ya wanajiolojia Appel, Möller na Schenk ya mwaka 1998 inazipa kilobari 9.5 hadi 11, kwenye nyuzi 810 hivi. Kifuko kama hiki cha −38 kikikutwa ndani ya mwamba wa aina hiyo, kinasema 7. Madini yanasema 10.

Tofauti ya kilobari 3 ni kilomita kumi na kitu.

Kilomita kumi hazipotei hivi hivi. Kwa wiki kadhaa sasa swali hili limeniganda kichwani, na kila nikidhani nimelimaliza linazaa lingine. Mwanzoni niliuliza nani kakosea, kifuko au ganeti. Sasa naona swali lenyewe lilikuwa limekaa vibaya.

## Kwanza, tumtoe fundi kwenye kesi

Mtu akipata namba isiyoelewana na wenzake, mtuhumiwa wa kwanza ni maandalizi. Ni haki kabisa, kwa sababu maandalizi ya vifuko yanaharibika kimyakimya.

Kipande cha kawaida cha hadubini kina unene wa mikroni 30. Kwa kazi hii hakifai: vifuko vingi vitakuwa vimepasuliwa na msumeno. Unataka mikroni 100 hadi 150, na king'arishwe pande zote mbili, maana mwanga unapita kote. Ukimaliza na unga wa almasi wa mikroni 1, upande wa chini usiwe na mikwaruzo. Mkwaruzo mmoja chini ya kifuko cha mikroni 5 unatosha kukuficha kiputo. Msumeno uwe wa taratibu na maji yatiririke muda wote. Gundi iwe ile inayoachia kwa asetoni. Anayetumia gundi ya kukaushwa kwenye oveni anavipika vifuko kabla hajavipima, na hata hatajua amefanya hivyo.

Baada ya kukibandua, unakivunja vipande vya milimita chache na kukiweka kimoja kwenye meza ya kupoza na kupasha joto. Kanuni ambayo haijadiliwi ni hii: baridi kwanza, moto baadaye. Ukipasha moto kwanza, gesi iliyomo inafura, kifuko kinanyooka au kupasuka, na densiti uliyokuja kuitafuta imeshaondoka. Meza yenyewe unaipima kwa vifuko vya kutengenezwa maabara: hewa ukaa safi iyeyuke kwenye −56.6, barafu ya maji kwenye 0.0.

Kisha kuna ukungu. Kioo cha meza kikiwa na baridi ya −100, unyevu wote wa chumba unakikimbilia. Pwani hapa usipopuliza naitrojeni kavu juu ya kioo utakuwa unaangalia theluji.

Jambo jingine la pwani ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisemi. Hewa ukaa ikipita nyuzi 31.1 haina tena kimiminika wala gesi, ni kitu kimoja. Mwezi Februari, chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi kinapita hapo saa saba mchana bila taabu. Utaangalia vifuko vilivyojaa hewa ukaa na hutaona kiputo hata kimoja. Hata chumba kikiwa na nyuzi 27, taa ya hadubini inaongeza joto kiasi cha kufuta kiputo kilicho karibu na mpaka. Na vile vizito kama cha −38 havionyeshi kiputo kwenye joto la chumba popote duniani: ni vitundu vyeusi, vyenye kingo nene, visivyo na kitu cha kuchezacheza ndani. Wanafunzi wengi wanavipita wakidhani ni matundu matupu. Wanatupa kilicho bora na kupima kilichovuja.

Haya, tuseme yote yamefanyika sawasawa. Kosa la kusoma kipimajoto linaweza kufika nyuzi moja. Kwenye −38, nyuzi moja inabadilisha densiti kwa gramu 0.004 hivi, na hiyo haifiki hata kilobari 0.1. Karibu na nyuzi 31 kosa dogo lina madhara makubwa, maana hapo densiti inaporomoka kutoka 0.59 hadi 0.47 ndani ya nyuzi moja na kidogo. Lakini huku chini kwenye baridi kali, mashine haina kesi.

Kilobari 3 hazikupotelea maabara.

## Je, ni hewa ukaa kweli?

Mtuhumiwa wa pili ni mchanganyiko.

Kabla ya kukitafuta kiputo, kifuko kinagandishwa. Unashuka hadi −100 hivi, kwa sababu hewa ukaa ndani ya tundu dogo hukataa kuganda kwenye −56.6 yake, inasubiri, inasubiri, kisha inaganda ghafla, na kiputo kinakunjamana kama karatasi iliyobanwa kiganjani. Ukianza kupandisha, ndani panakuwa na chembechembe mithili ya sukari guru. Zikiyeyuka zote kwa mpigo kwenye −56.6, hewa ukaa ni safi au karibu na safi. Zikiyeyuka kwenye −58 au −60, kuna mgeni: methani, naitrojeni, au wote wawili.

Mgeni huyo si wa kupuuzwa. Methani na naitrojeni zinakishusha kipimo cha kiputo pia, kwa hiyo ukichukua −38 ya mchanganyiko na kuisoma kwenye jedwali la hewa ukaa safi, utaipa densiti isiyo yake. Na kipimo cha kuyeyuka hakikuambii mgeni ni yupi. Hapo unahitaji mwanga wa leza wa Raman, unaoitambua kila gesi kwa mwanga inaourudisha: hewa ukaa inajibu kwa mistari miwili, karibu na 1285 na 1388 kwa sentimita, naitrojeni karibu na 2331, methani karibu na 2917. Dakika chache kwa kifuko kimoja, na ubishi unaisha.

Mfano wetu tuupe usafi: −56.6 barabara. Basi mchanganyiko nao hauna kesi.

Au ndivyo inavyoonekana. Nitarudi hapa.

## Mstari, si nukta

Hapa ndipo swali lilianza kugeuka.

Tunasema "kifuko kinatoa kilobari 7" kana kwamba kimetamka. Hakijatamka hivyo. Kifuko kinatoa densiti, na densiti moja ni mstari mzima kwenye grafu ya joto na mgandamizo. Gramu 1.1 ni kilobari 7 ukiwa kwenye nyuzi 800. Mstari huo huo ukiufuata kushuka, kila nyuzi moja inakunyang'anya bari 8 hivi. Kwenye nyuzi 500 umebaki na kilobari 5 pungufu. Nyuzi 800 tuliiazima kwenye madini, tukaipachika kwenye kifuko, tukapata 7, kisha tukashangaa kwamba 7 haielewani na madini.

Tulikuwa tumekubali kimya kimya kwamba kifuko kilifungwa siku ile ile mwamba ulipokuwa na joto kali kuliko siku zote. Nani alituambia?

Geuza hesabu. Hewa ukaa ikinaswa kwenye nyuzi 800 na kilobari 9.5 hadi 10, densiti yake inabidi ipite ile ya kimiminika kizito kabisa cha kawaida, ambayo ni gramu 1.178 pale kwenye −56.6. Kiputo chake kingetakiwa kutoweka chini ya −56.6, mahali ambapo kwa kawaida kila kitu kimeshaganda. Vifuko vya namna hiyo vipo; vinasomeka kwa sababu hewa ukaa huchelewa kuganda. Kwa hiyo kifuko cha −38 ndani ya mwamba wa kilobari 10 hakibishani na ganeti hata kidogo. Kinazungumzia siku nyingine.

Siku ipi?

## Kifuko si chupa

Tunapenda kuviita chupa ndogo za gesi ya kale. Chupa haibadiliki ukubwa. Kwatzi ya nyuzi 600 inabadilika.

Weka picha hii mbele. Mwamba unapanda haraka kuelekea juu ukiwa bado wa moto. Nje mgandamizo unashuka kutoka kilobari 8 hadi 4. Ndani ya kifuko hakuna aliyeambiwa: joto ni lile lile, densiti ni ile ile, basi gesi bado inasukuma kwa kilobari karibu 8. Ukuta wa kwatzi unabeba tofauti ya kilobari 4 peke yake. Majaribio ya Bodnar na wenzake, mwaka 1989, yanaonyesha ukuta unavumilia kiasi gani: kifuko cha mikroni 10 kinapasuka tofauti ikifika kilobari 1.5 hivi, cha mikroni 50 hakifiki hata kilobari 1, na vile vya mikroni 2 au 3 vinavumilia zaidi ya 2.5. Vikubwa hufa kwanza. Ndiyo maana anayechagua kifuko kikubwa kwa kuwa kinaonekana vizuri anajichagulia mwongo.

Kupasuka kwenyewe kunaacha alama. Kifuko kikubwa kinabaki katikati, cheusi, chenye kingo zilizochongeka, na kukizunguka kuna wingu la vifuko vidogo vidogo mithili ya vifaranga. Wingu hilo ni gesi iliyotoka kwa ufa ikafungwa upya. Ukiona hivyo, kile cha katikati kiandike kwenye daftari na usikipe nafasi kwenye hesabu ya kina.

Kwa mwamba wa kupanda haraka, basi, densiti zinashuka. Wataalamu walijiwekea kanuni inayotokana na hilo: pima vifuko vingi, chukua vizito kuliko vyote, hivyo ndivyo visivyovuja.

Kanuni nzuri. Kwa mwamba usiopanda haraka ni mtego.

Granulaiti za mashariki mwa Tanzania hazikupanda haraka. Appel na wenzake walizisoma kuwa zilipoa zikiwa bado kule chini, joto likishuka na mgandamizo ukikaa karibu palepale. Rudia hesabu ya kifuko. Nje ni kilobari 10 na hazibadiliki. Ndani, kila nyuzi 100 za kupoa zinaondoa karibu kilobari 0.8. Baada ya nyuzi 300, ndani pamepungua zaidi ya kilobari 2 kuliko nje, na sasa ukuta unasukumwa kuelekea ndani. Kifuko kinabonyea. Kinajikunja, kinapata umbo la kamba au la pete, na gesi iliyomo inazidi kushindiliwa. Densiti inapanda baada ya kufungwa.

Nilipofika hapa ilibidi niyafute maelezo niliyokuwa nimeshayaandika. Kwenye miamba hii kifuko kizito kuliko vyote si lazima kiwe kile cha kina kuliko vyote. Kinaweza kuwa kile kilichobanwa zaidi wakati wa kupoa. Na kile cha −38 tulichokuwa tukikihurumia kwamba "kimevuja" huenda ndicho kilichofungwa mwisho, mwamba ulipoanza kuinuka ukiwa umeshapoa, nyuzi 500 au pungufu, kilobari 5 au pungufu.

Coolen aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1982 alichapisha kazi juu ya granulaiti za Furua, kusini mwa Tanzania, akiweka vipimo viwili meza moja: densiti ya hewa ukaa upande huu, kemia ya madini upande ule. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia pekee ya adabu. Kifuko kikipimwa peke yake kitakubaliana na hadithi yoyote utakayokiletea.

## Maji yaliyojificha

Niliahidi kurudi kwenye mchanganyiko.

Kifuko kinachoyeyuka kwenye −56.6 bila mstari wa methani tunakiandika "hewa ukaa safi". Tatizo ni maji. Maji yanapenda kwatzi. Yanatandaa ukutani kama mafuta kwenye sufuria, utando mwembamba unaofuata kila pembe. Kwenye tundu la mviringo lenye upana wa mikroni 8, molekuli moja kati ya tano inaweza kuwa ya maji na hadubini isikuonyeshe chochote. Angalia kwenye pembe kali za tundu, huko utando unakusanyika na wakati mwingine unaonekana kama ukucha wa mwezi. Au poza kisha upandishe polepole karibu na nyuzi 10: maji na hewa ukaa hutengeneza pamoja barafu ya aina yake ambayo, maji yakiwa hayana chumvi, huyeyuka kwenye 10 hivi. Kwa kifuko chenye kiputo kwenye joto hilo, kiputo kikishtuka hapo, maji yapo.

Lakini kubwa zaidi ni maji ambayo hayapo tena. Bakker na Jansen walionyesha mwaka 1990 kwamba kwatzi ikisukwasukwa ikiwa ya moto, maji yanaweza kuponyoka kwenye kifuko kupitia kasoro za mpangilio wa atomu, huku hewa ukaa ikibaki. Hakuna ufa. Hakuna wingu la vifaranga. Kifuko kilichofungwa na mchanganyiko wa maji na hewa ukaa kinaweza kukufikia kikiwa na hewa ukaa tupu, na kwa sura kikawa kizima kabisa.

Basi ule usafi wa −56.6 tulioushangilia unaweza kuwa mabaki ya kilichoshindwa kutoka.

## Nani aliwasha gesi

Swali hili ni kubwa kuliko kifuko kimoja, na limewagawa watu tangu mwanajiolojia Touret alipoandika, mwaka 1971, kwamba granulaiti za kusini mwa Norway zimejaa vifuko vya hewa ukaa wakati miamba ya jirani iliyopikwa kwa joto la chini zaidi ina vifuko vya maji.

Granulaiti ni mwamba mkavu. Biotaiti na hornblendi, madini yenye maji ndani yake, yamevunjika yakazaa piroksini. Yavunjike yakiwa yamezungukwa na maji, mwamba utayeyuka kabla hayajamaliza. Kwa hiyo kuna kitu kiliyapunguza nguvu maji. Newton, Smith na Windley mwaka 1980 walipendekeza mafuriko ya hewa ukaa kutoka chini, yakayasukuma maji pembeni. Na kulikuwa na mahali pa kuonyesha: Kabbaldurga, Karnataka, kusini mwa India, ambako Pichamuthu alikuwa ameeleza mwaka 1960 jinsi nisi ya kijivu, mwamba wenye michirizi, inavyogeuka chanokaiti, mwamba wenye piroksini, ya kijanikijivu, yenye mng'ao wa mafuta, kwa mabaka yanayofuata nyufa. Unaweka kidole kwenye mpaka wa mawe mawili. Rahisi kuamini kwamba gesi ilipita kwenye ufa ule. (Chanokaiti, kwa wasiojua, limepewa jina kwa sababu ya kaburi: jiwe la kaburi la mfanyabiashara wa Kiingereza Job Charnock kule Kolkata.)

Kilichonitoa kwenye kambi ya mafuriko ni hoja moja ya Lamb na Valley, ya mwaka 1984. Walitazama madini ya chuma ya granulaiti za Adirondack, Marekani, ambayo yanatunza kumbukumbu ya kiasi cha oksijeni kilichokuwepo. Katika miamba mingi oksijeni ilikuwa chache mno kiasi kwamba hewa ukaa nyingi isingeweza kukaa, ingegeuka grafiti. Miamba hiyo haina grafiti. Basi hewa ukaa nyingi haikuwepo wakati wa joto la juu. Vifuko vyake viliingia baadaye, au vilibadilika.

Hoja hiyo naipenda kwa sababu haitegemei kifuko. Inauliza mwamba wenyewe.

Maelezo ya pili hayahitaji mafuriko. Mwamba ukianza kuyeyuka nusunusu, uji unaotokea unameza maji kwa pupa na hewa ukaa kidogo sana. Uji ukiondoka unaondoka na maji. Hewa ukaa kidogo iliyokuwepo tangu mwanzo inabaki peke yake, na ndiyo inayonaswa. Tunaona vifuko vilivyojaa hewa ukaa tunadhani palikuwa na bahari yake, kumbe ni masalia ya sahani iliyokwisha kulambwa. Kuna pia wanaotetea maji chumvi makali, yanayopunguza nguvu ya maji kama hewa ukaa na yanaweza kupita kwenye nafasi kati ya chembe za madini ambako hewa ukaa inakwama; katika baadhi ya granulaiti vifuko vyenye vijiwe vya chumvi vimekutwa karibu na vya hewa ukaa.

Kabbaldurga inaweza kuwa ilipata mafuriko ya kweli, ya mita chache kila upande wa ufa. Kuinua mabaka hayo kuwa kanuni ya ganda zima la chini la dunia, hapo sipo.

## Merelani inanuka vingine

Anayedhani kila giligili ya kina (gesi au kimiminika kilichonaswa mwambani) ni hewa ukaa apelekwe Simanjiro.

Vilima vya Merelani vina nisi za grafiti, na humo mnatoka tanzanaiti na ganeti ya kijani, tsavoraiti. Vifuko vilivyochunguzwa ndani ya tsavoraiti ya huko vina haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza, ikiwa na salfa tupu, na methani na naitrojeni kwa viwango mbalimbali. Ina mantiki. Mwamba uliojaa grafiti na salfaidi ulianza maisha kama tope lenye mabaki ya viumbe. Giligili yake inaonja tope lile hata baada ya kupikwa. Hakuna haja ya kuagiza gesi kutoka kilomita 40 chini wakati mwamba wenyewe ni kiwanda.

Na wanaochoma tanzanaiti wanafanya jaribio letu kinyumenyume kila siku bila kuliita jina. Jiwe la kahawia linapandishwa hadi nyuzi 500 na kitu ili liwe la bluu. Lenye vifuko ni la kuogopwa: gesi inafura, ukuta unazidiwa, na jiwe linatoka na ufa wa duara unaong'aa kuzunguka kitundu. Hesabu ya Bodnar ilifanywa kwa kwatzi na haihamishiki moja kwa moja kwenye tanzanaiti, lakini tabia ni ile ile, kikubwa kinatangulia kupasuka. Ndiyo maana jiwe linamulikwa kwa tochi na lupu kwanza, na joto linapandishwa kwa saa, si kwa dakika.

## Utaratibu niliobaki nao

Nikikabidhiwa kipande cha granulaiti leo, sianzi na kwatzi. Kwatzi ikiwa ya moto ni laini, inajirekebisha, inasahau. Naanza na vifuko vilivyofungwa katikati ya ganeti, mbali na nyufa, mbali na ukingo. Ni vichache na ni vidogo, mara nyingi mikroni 3 au 4, na kuviona ni kazi ya kuumiza shingo. Ganeti ni ngumu kuliko kwatzi, ila nayo ina ugomvi wake: hewa ukaa iliyomo inaweza kula ukuta na kujitengenezea kabonati ndani ya tundu, kwa hiyo Raman ipite kila kifuko kutafuta vijifuwele hivyo kabla sijaamini densiti.

Kisha kwatzi, lakini kwa makundi. Vifuko vilivyo kwenye mstari mmoja wa ufa ulioponywa vinapimwa pamoja, angalau kumi. Vikikubaliana ndani ya nyuzi 2 au 3, kundi lina neno la kusema. Vikitawanyika kutoka −38 hadi +20, kundi limesukwasukwa. Hapo sichukui kizito kuliko vyote, wala wastani. Nachora ukubwa wa kila kifuko dhidi ya densiti yake. Vikubwa vikiwa vyepesi, mwamba ulipanda. Vikiwa vizito na vimekunjika, mwamba ulipoa palepale. Mchoro huo mmoja umenifaa kuliko jedwali lolote la kilobari.

Kipande cha −38 bado kiko mezani. Kundi lake lina vifuko kumi na viwili kwenye mstari mmoja, kati ya −39.5 na −37, vyote vya umbo la fuwele iliyogeuzwa ndani nje, hakuna kilichokunjika, hakuna wingu. Mstari wao unakata kwatzi, unaingia kwenye plajioklesi, na unaishia milimita moja kabla ya ganeti.